Jinsi Nilivyomtundika Fundi Gurdial

Nianze kwa kukubali mapema, msije mkafika katikati mkadhani mmegundua kitu: katika maneno haya, mjinga ni mimi. Hakimu naye hakuwa mbali sana na ujinga, lakini yeye alikuwa na kiti cha ngozi cha kuukalia. Mimi wangu nilikuwa nao nimesimama, mbele ya watu, ndani ya koti la kuazima.

Nyinyi vijana wa Lozells, hapa Birmingham, mnaosikia Kiswahili chote nyumbani halafu mnajibu Kiingereza kama mnasoma habari redioni, mnaniuliza ukalimani wa kortini unasomewa wapi. Sijui. Mimi nilifika darasa la nane, Mombasa, na hilo darasa lenyewe nilikaa nyuma. Juzi mmoja wenu kanionyesha cheti chake. Kina mihuri miwili na picha yake anatabasamu. Nikamwuliza, "Mtu akimwambia mwenzake 'pole', hakimu utamwambiaje?"

"Sorry," akasema, mbio mbio, kama mtu anayezima mshumaa.

"Hongera. Umeshamfunga."

Hakunielewa, kwa hiyo nitawaeleza na nyinyi. Mtu kamkuta jirani yake kaanguka, damu zinamtoka puani. Kamwambia pole, kama mtu yeyote aliyelelewa. Wewe na cheti chako unamwambia hakimu kwamba aliomba msamaha. Sasa anayeomba msamaha si ndiye aliyepiga? Hakimu anaandika, anafunga daftari, anakwenda kula. Mshtakiwa anakwenda jela kwa sababu mama yake alimfundisha adabu.

Hilo kosa sikulifanya. Mimi nilifanya kubwa kuliko hilo.

Lakini kwanza mjue Waingereza wanavyogawa mambo ya kupiga. Sisi watu wa pwani nazi tunaipa jina kila inapokua: kidaka, dafu, koroma, nazi kavu. Wao kupiga ndiyo nazi yao. Kidaka ni kumsukuma mtu, au kumkunjia ngumi akashtuka. Koroma ni ukimwacha na jeraha. Hiyo wanaiita "madhara ya kweli ya mwili", kana kwamba kuna madhara ya uongo. Nazi kavu ni ukimvunja ukiwa umekusudia kumvunja, na hapo mahakimu wadogo hawakuwezi, unapelekwa juu kwa jaji mwenye nywele za farasi kichwani. Mtu mzima, msomi, anavaa mkia wa farasi kisha anamwuliza Kalasinga kwa nini hataki kuvua kilemba.

Adhabu nazo zilipanda hivyo hivyo, kwenye karatasi. Kwenye kizimba ilikuwa hadithi nyingine. Asubuhi ile ile ya kesi ya Fundi Gurdial walimleta bwana mmoja wa Kingstanding, kamvunja jirani yake meno mawili kwa gilasi, sababu jirani kasema mbwa wake ana miguu mifupi. Mahakimu wakamwuliza ana la kusema. Akasema alikuwa amelewa. Wakatikisa vichwa kwa huruma, wakampiga faini, akatoka anapiga mluzi. Kwetu ukilewa ukampiga mtu una makosa mawili. Pale pombe ilikuwa shahidi wake.

Kazi nilianza hivi. Nilikuwa Digbeth, kwenye kiwanda cha kuyeyusha na kusubu chuma, enzi zile mwishoni mwa miaka ya sitini, kijana mwenye mdomo. Polisi wakamkamata mpishi wa meli, Mzanzibari, hana Kiingereza zaidi ya majina ya vyakula. Wakatafuta mtu. Msimamizi wangu akawaambia, "Mchukueni Barry, anasema Kiafrika." Bakari niliacha Mombasa, Birmingham nilikuwa Barry. Nikaenda, nikatafsiri, nikawachekesha masajini wawili, na hicho kicheko ndicho kilichokuwa cheti changu. Wakawa wananiita mara moja moja. Kiwandani nikaanza kuvaa tai chini ya ovaroli, watu wajue mimi ni wa kupita tu.

Aliyejaribu kunifunza kazi alikuwa Mpolandi mmoja mzee, Bwana Kazik. Huyo aliwatafsiria Wapolandi wenzake tangu vita vilipokwisha. Kila siku koti la mvua, hata jua likiwaka, na mkate wake ndani ya karatasi. Aliniambia, "Kijana, wewe ni bomba la maji. Maji yapite. Bomba halitii sukari." Siku nyingine akaniambia, "Neno usilolijua, inua mkono uulize. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja."

Nikamdharau. Nilimwona anavyoinua mkono wake wa mifupa katikati ya maneno ya hakimu, korti nzima inamsubiri aulize neno, karani anaangalia dari. Mimi sikuwahi kuinua mkono. Neno likinipita nilikuwa na jingine mfukoni, na likikosekana kabisa, natia utani. Watu wakicheka hawaulizi.

Sasa Fundi.

Gurdial Singh alikuwa seremala kutoka Kisumu, ndevu mpaka kifuani, mikono kama mbao za kitanda. Alikuwa amepanga chumba Lozells kwa Mpunjabi mwenzake. Mkewe na watoto watatu walikuwa bado Kisumu, wana tiketi za ndege mkononi, wafike baada ya wiki tatu. Wakati ule maofisa wa uwanja wa ndege walikuwa hawana mchezo. Familia ifike isikute mtu wa kuipokea, mwenye kazi na chumba, inaweza kugeuzwa na ndege ile ile. Kwa hiyo Fundi alikuwa anajenga vitanda vya watoto. Anachonga miguu, anatoboa matundu ya viungio, kwa patasi aliyoachiwa na marehemu baba yake.

Akatoka kidogo kwenda kunywa chai. Kurudi, anamkuta mwenye nyumba kachuchumaa kwenye ngazi, na ile patasi anafungulia kopo la rangi.

Kama hapo ulipo hujashika moyo, basi wewe si fundi na hujawahi kukaa na fundi. Fundi Gurdial alichukua nyundo yake ya mbao akamshushia bwana yule moja begani. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Koroma, sheria ikasema.

Mnauliza mimi naingiaje, wakati Kipunjabi sikijui hata cha kuombea maji. Ni kwamba mkalimani wa Kipunjabi wa korti ile, Singh mwingine, alikuwa shemeji wa huyo mwenye nyumba. Fundi alipomwona akafunga mdomo. Karani wa korti akamwuliza kwa ishara, lugha gani nyingine? Fundi akasema, "Swahili." Wakanipigia simu kiwandani.

Nilikwenda kumwona chini mahabusu kabla ya kesi. Nilipomsikia nikataka kulia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani Kisumu, hakina mbele wala nyuma.

"Bwana Bakari," akaniambia, "mimi hapana taka Singh ile nasema maneno yangu. Yeye natia maneno yake ndani."

"Mimi siongezi kitu, Fundi. Mimi ni bomba la maji."

"Bomba?"

"Bomba."

"Basi mzuri," akasema, akanionyesha picha ya watoto. Wa katikati alikuwa na masikio makubwa. Nikamtania kwamba huyo atakuja kwa upepo, ndege ya nini. Akacheka. Mnaona? Nilikuwa nimeshaanza kutia sukari.

Juu kortini mahakimu walikuwa watatu, na wote watatu hawakusomea sheria. Ndivyo ilivyo huku: sheria anaijua karani, anayekaa chini, na wanaokaa juu wanajua kukaa. Mwenyekiti alikuwa bwana wa maduka ya mazulia. Kushoto kwake mama mwenye kofia ya manyoya. Kulia mzee mwembamba, fundi mitambo mstaafu, vidole viwili havina ncha. Niliapa kwa Msahafu kwamba nitatafsiri kweli tupu. Wakili Fundi hakuwa naye.

Mwenyekiti akauliza kwa nini alimpiga mwenye nyumba wake. Nikauliza.

"Yeye nafungua kopo na patasi ya baba yangu."

Nikatafsiri. Mwenyekiti akangoja. "Na kingine?"

"Hapana kingine."

Mama wa kofia akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaandika kitu, nina hakika aliandika "kichaa". Lakini yule mzee wa vidole vifupi akainama mbele akaniambia, "Mwulize, makali yalipata pengo?"

Nikauliza. Fundi akainua kidole gumba akaonyesha ncha ya ukucha. "Kama mchele moja."

Mzee akafumba macho kama aliyeumwa jino. Wakanong'onezana watatu wale, kwa muda. Mimi nikajisemea, huyu leo ana bahati, kampata mtu wa kazi.

Mwenyekiti akaanza hotuba. Katika nchi hii, akasema, hatumalizi magomvi yetu kwa nyundo. Alisema hivyo Birmingham, mji ambao wote umetokana na nyundo, na wakati anasema tulikuwa tunasikia mtu anagonga bati huko nje. Nyundo ni silaha, akasema. Sawa. Gilasi la yule wa Kingstanding nadhani lilikuwa chombo cha maua. Mwisho akasema, miezi sita jela, "suspended" kwa miaka miwili.

Suspended.

Mjue hiyo sheria ilikuwa mpya wakati ule, haijatimiza hata umri wa kutembea. Hata polisi wengine walikuwa wanaipapasa. Mimi neno hilo nililijua mahali pamoja tu duniani. Kiwandani kwetu, chini ya winchi, kulikuwa na kibao chekundu kinakataza kupita chini ya mizigo ambayo ni suspended. Na mizigo yenyewe nilikuwa naiona kila siku: vyuma vimefungwa minyororo, vinaning'inia juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo nililijua. Niliona fahari hata, kwamba nalijua. Mkono wangu haukusogea.

Nikamgeukia Fundi nikamwambia, "Umepata miezi sita jela. Halafu unatundikwa miaka miwili."

"Natundika nani?"

"Wewe."

Akaweka mkono shingoni, juu ya ndevu. "Na kamba?"

Hapo ndipo ningeinua mkono. Hata mbuzi angeinua. Lakini nilijiambia, watu wanaovaa mikia ya farasi hawashindwi kuwa na adhabu ya namna hii, ya kizamani. Na utani ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, na mimi utani ukifika kwenye ulimi sina mlango. Nikamwambia, "Kwani ulitaka misumari, wewe seremala?"

Sikumaliza kucheka. Fundi aliruka kizimba kama kijana wa miaka kumi na minane. Mlangoni alisimama konstebo mmoja, mkubwa kama kabati la nguo, na hilo kabati likajaribu kumzuia. Fundi akalipiga ngumi moja ya pua, likaenda chini na kofia yake. Wakamkamata wanne kwenye ngazi. Akawa anapiga kelele, Kipunjabi na Kiswahili, na kile Kiswahili katika jengo lote lile alikielewa mtu mmoja tu.

"Mimi napiga bega! Mimi hapana ua mtu! Kwa nini nanyonga mimi?"

Nilielewa kwamba kuna kitu nimesema, ingawa bado sikujua ni kipi.

Mwenyekiti, uso umekuwa rangi ya zulia lake, akasema shtaka jipya, kumpiga polisi, litasikilizwa alasiri hiyo hiyo. Karani akasema kwa sauti ya kusoma orodha ya sokoni kwamba mshtakiwa akipatikana na hatia, ile miezi sita itaanza mara moja, na ya polisi juu yake. Wakatoka kwenda kula.

Bwana Kazik alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mkate wake magotini. "Ulimwambia nini?" akauliza.

Nikamwambia. Nilitegemea acheke, kwa sababu nilimwambia kwa namna ya kuchekesha. Hakucheka. Akafunga mkate kwenye karatasi tena, polepole, akanieleza suspended ni nini. Kifungo kipo, lakini mtu haendi. Anarudi nyumbani. Akikosa tena katika miaka miwili hiyo, ndipo anaingia.

"Kwa hiyo leo alikuwa anakwenda nyumbani?"

"Alikuwa anakwenda nyumbani. Na hukuwa mbali na ukweli, kijana, hilo ndilo baya. Kilichotundikwa ni kifungo. Wewe ukatundika mtu."

Nikakaa. Nilihesabu wiki tatu, nikaona wale watoto uwanjani, yule wa masikio mbele, na vitanda visivyo na miguu. Halafu nikajifikiria mimi, sitaficha. Karani aliniambia wiki ile ile kwamba jina langu linaingizwa kwenye orodha ya wakalimani wa kudumu. Hakuna tena kiwanda, hakuna tena winchi. Nikisema, jina linatoka. Nisiposema, nani atajua? Kalasinga mwenye hasira karuka kizimba. Hilo wangeliamini hata bila ushahidi, walikuwa wanalingoja.

"Nikinyamaza, hakuna atakayejua," nikasema.

"Hakuna," akasema Bwana Kazik. "Mimi Kiswahili sijui." Akachukua mkate wake akaenda kula kwingine. Ndiyo mara ya kwanza mtu kunihama kwenye benchi.

Alasiri wakamleta Fundi, kafungwa pingu, kilemba kimelegea, hanitazami. Konstebo naye alikuja na pamba kwenye matundu yote mawili ya pua. Karani akaanza kusoma shtaka. Nikainua mkono.

"Mkalimani hana la kusema," karani akasema.

"Leo analo," nikasema.

Nikawaambia. Nilieleza kibao chekundu, winchi, minyororo. Nilipofika kwenye "unatundikwa", mama wa kofia alijificha nyuma ya glovu zake. Konstebo akatoa mlio kupitia pamba.

Mwenyekiti akaniangalia juu ya miwani. "Ulimwambia mtu huyu kwamba atatundikwa miaka miwili mfululizo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na ulidhani jambo hilo linafanywaje?"

"Nilidhani nyinyi mna njia yenu, mheshimiwa."

Korti ikacheka. Walicheka mpaka wale wa nyuma waliokuja kujikinga mvua. Ningeweza kuachia hapo, jamani. Kicheko kilikuwa kizuri, na mimi nakijua kicheko kinachosamehe. Lakini nilikuwa nimeapa kwa Msahafu, na Fundi alikuwa amesimama pale hajui watu wanachekea nini. Anaona tu watu wanacheka siku ya kunyongwa kwake. Nikasema, "Kuna kingine. Aliniuliza kama ni kwa kamba. Nikamwambia kama alitaka misumari, kwa vile ni seremala."

Kicheko kikakatika. Yule mzee wa vidole vifupi alinitazama, na tangu siku ile sijawahi kutazamwa namna ile tena, hata na mama mkwe wangu.

Wakamwuliza konstebo. Alikuwa mtu wa haki, yule kabati. Alisema, "Mheshimiwa, mimi ningeambiwa nanyongwa, kwa lugha nisiyoijua vizuri, na mtu anacheka, ningepiga zaidi ya hapo." Ilitoka puani, lakini ilieleweka.

Karani akasimama akamnong'oneza mwenyekiti. Wakanong'onezana sana. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa shtaka hili la pili, "absolute discharge".

Discharge. Nalo nililijua. Kliniki daktari aliandika hivyo kuhusu sikio langu, lilipokuwa linatoa usaha.

Nikainua mkono mara ya pili. "Naomba kuelezwa hilo neno."

Karani akashusha pumzi kama mtu anayemfundisha kuku kuogelea, lakini akanieleza: anaachiliwa, na kisheria hilo halihesabiki kuwa kosa, kwa hiyo ile miezi sita haiguswi. Nikamwuliza tena mara mbili kuhakikisha. Halafu nikasogea kwenye kizimba. Nikaacha tai, nikaacha maneno makubwa, nikafikiria mtu huyu anajua nini.

"Fundi. Hakuna kunyongwa. Nilikosea mimi. Jela huendi leo. Hili la polisi limefutwa."

"Na miezi sita?"

"Ipo. Imewekwa juu ya rafu. Inakaa pale miaka miwili. Ukimpiga mtu tena, rafu inaanguka, miezi sita yote kichwani kwako. Usipopiga, wanakuja kuiondoa."

Akafikiria. "Rafu nani natengeneza?"

"Hawa watatu."

Akawatazama, mmoja mmoja. Alipofika kwa mzee wa vidole vifupi alitulia. "Misumari au gundi?"

"Sijui, Fundi. Wewe usiitikise tu."

Tangu siku ile, vijana, kifungo cha namna hiyo kwangu ni rafu. Walipokuja Wahindi waliofukuzwa Uganda miaka ya sabini, na kesi zao za kugombania majiko na bafu, niliwaambia rafu, na hakuna hata mmoja aliyeshika shingo. Nyinyi wenye vyeti mnasema "kifungo kilichoahirishwa". Juzi nimemsikia mmoja wenu anamwambia hivyo mama wa watu, na mama akamwuliza, "Kimeahirishwa mpaka lini, nije na nguo?" Mihuri miwili ya kijana haikumsaidia.

Jina langu lilitoka kwenye orodha, kama nilivyojua. Nilirudi chini ya winchi zaidi ya mwaka, na wenzangu walikisoma kile kibao kwa sauti kila nilipopita. Aliyenirudisha kortini ni Bwana Kazik. Sijui aliwaambia nini. Aliniambia tu nije na mkono wangu.

Lakini kabla ya hapo, kama mwezi baada ya kesi, nilikwenda Lozells kwa Fundi. Alikuwa kahama kwa yule mwenye nyumba, kapata vyumba viwili mtaa wa nyuma. Mkewe akanifungulia, akanipa chai ya maziwa. Vitanda vilikuwa vimesimama, vitatu, na yule wa masikio alikuwa anarukaruka juu ya chake na hakitoi hata mlio. Fundi alikuwa kakaa chini anainoa ile patasi. Hakusimama.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, ya kuomba radhi, na mzaha mmoja mdogo wa kufungulia. Mzaha nikauacha mlangoni. "Fundi," nikasema, "nimekuja unisamehe."

Akaendelea kunoa. Akaifuta patasi kwa suruali, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Pengo lilikuwa karibu limekwisha. Akajaribu makali kwenye nywele za mkono wake, zikaanguka.

"Bwana Bakari," akasema, "mdomo yako iko patasi mzuri sana. Mimi hapana ona patasi kama hiyo. Na wewe kila siku nafungua na yeye kopo." Akachukua chai yake, akapuliza. "Na ile nyundo yangu, polisi narudisha jana."